Nguvu gani hasa inayasogeza mabamba ya dunia? Uzi wa wanaojifunza

Mdadisi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa miezi kadhaa sasa najisomea habari za mabamba ya dunia, yaani vile vipande vikubwa vya mwamba vinavyounda uso wa dunia, jioni baada ya kazi, na nimefika mahali siwezi tena kukaa nayo peke yangu. Shuleni nilifundishwa kwamba chini ya ardhi tunayoikanyaga kuna bahari ya mwamba ulioyeyuka, kwamba mabamba yanaelea juu yake kama majahazi, na mikondo ya moto ndiyo inayoyabeba huku na kule. Nilikariri, nikafaulu mtihani, na miaka mingi baadaye nikawaeleza wanangu vivyo hivyo. Sasa naona picha ile ilinichelewesha sana. Ukianza nayo, kila unachosoma mbele yake kinagoma kukaa mahali pake.

Naweka ninachokielewa. Wenye ujuzi zaidi wanirekebishe.

Tuanze na hiyo bahari ya moto. Tabaka lililo chini ya ganda la dunia, ambalo wengi huliita koti, linashuka hadi kilomita 2,890 hivi, na ni jiwe. Jiwe gumu. Tumejuaje wakati hakuna aliyefika huko? Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa na binadamu kwa ajili ya utafiti, la Kola kule Urusi, liliishia mita 12,262 mwaka 1989, na hata ganda lenyewe halikulimaliza. Jibu linatoka kwenye matetemeko. Tetemeko likitokea, hupeleka ndani ya dunia mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule yanakokwenda. Ya pili huutikisa kiubavu, kama kamba unayoichezesha huku mwenzako ameshika ncha nyingine. Haya ya kiubavu hayapiti kwenye kimiminika hata kidogo, kwa sababu kimiminika hakina ukakamavu wa kujirudisha kikisukumwa upande. Lakini kwenye koti yanapita, kutoka juu hadi chini. Yanakuja kukwama kwenye kiini cha nje, ambacho kweli ni chuma kilichoyeyuka. Kwa hiyo bahari ya moto ipo, ila iko karibu kilomita elfu tatu chini yetu, na mabamba hayaigusi kabisa.

Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki nzima: jiwe gumu linasogeaje?

Kilichonifungua macho ni lami. Mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lami nyeusi ilipashwa moto na kumiminwa kwenye faneli ya kioo, ikaachwa itulie, na mwaka 1930 shingo ya faneli ikakatwa ili lami iwe na pa kutokea. Lami ile ukiigonga kwa nyundo inapasuka vipande kama kioo. Lakini pale ilipo, inadondoka. Kuanzia hapo hadi 2014 yalikuwa yamedondoka matone tisa tu. Kitu kile kile, kwa pigo la nyundo ni kigumu, kwa miaka kumi ni kimiminika. Koti la dunia ni hivyo hivyo. Kwa sekunde chache za tetemeko ni jiwe linalotikisika, kwa miaka milioni linatiririka.

Na si nadharia tu. Nchi za Skandinavia zilibeba barafu yenye unene wa kilomita kadhaa wakati wa zama za barafu. Barafu iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita, lakini ardhi kando ya Ghuba ya Bothnia bado inainuka, karibu sentimita moja kwa mwaka, kama godoro linalorudi taratibu baada ya mtu kuamka. Koti lililosukumwa pembeni na uzito ule bado linarejea.

Nguvu zenyewe nitazileta nikipata muda. Kwa sasa naomba michango.

Tabaka

Naweka kambi hapa. Mkuu, swali moja kabla hujaendelea. Kama koti ni jiwe gumu, zaha inayomwagika kwenye volkeno inatoka wapi?

Mwalimu wa Jiografia

Swali zuri sana, Tabaka, na wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka. Acha nilijibu mimi.

Koti lina joto la kutosha kuyeyuka lau lingekuwa huku juu. Linalolizuia ni shinikizo: uzito wa mwamba ulio juu yake unalibana libaki gumu. Kwa hiyo ili upate magma, yaani mwamba ulioyeyuka, huhitaji kuwasha moto wa ziada. Punguza shinikizo tu. Mahali mabamba mawili yanapoachana, kama kwenye mgongo wa katikati ya Bahari ya Atlantiki (safu ndefu ya milima iliyo chini ya maji), koti linapanda kuziba pengo. Kadiri linavyopanda, ndivyo mbano unavyolegea, na sehemu yake ndogo tu inayeyuka na kupenya juu. Ndiyo inayokuwa sakafu mpya ya bahari.

Njia ya pili ni maji. Bamba la bahari linapozama chini ya jingine, linashuka na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Huko chini madini yanabanwa, yanayaachia yale maji, nayo yanapanda kwenye koti lililo juu na kulishushia kiwango cha kuyeyuka. Ndiyo maana volkeno za milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na za Japani zimejipanga mstari, sambamba na mfereji wa bahari, yaani bonde refu lenye kina kikubwa pale bamba linapoanza kuzama. Na ndiyo maana ni za kulipuka: magma yake imebeba maji na gesi.

Yapo pia maeneo kama Hawaii, ambako koti lenye joto zaidi ya kawaida linapanda katikati kabisa ya bamba, mbali na mpaka wowote. Hapo bamba linapita juu ya chanzo cha moto na kuacha mlolongo wa visiwa, vya zamani vikiwa kaskazini-magharibi. Ukisoma umri wa visiwa vile unasoma mwendo wa bamba la Pasifiki.

Mama Ramani

Wakuu, niongeze la vitendo, kwa maana mimi maneno matupu hayakuwahi kuniingia.

Nilichukua ramani ya dunia kubwa, ya karatasi, na kalamu za rangi tatu. Taasisi ya Jiolojia ya Marekani (USGS) huweka wazi orodha ya matetemeko yote, pamoja na mahali na kina chake. Nikachagua ya kuanzia ukubwa wa 5 kwa mwaka mmoja. Ni zaidi ya elfu moja, kwa hiyo nilianza na pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini peke yake, nikarudi nyuma miaka kadhaa ili nukta ziwe nyingi. Nyekundu kwa tetemeko lenye kina kisichofika kilomita 70. Njano kwa kati ya 70 na 300. Buluu kwa zaidi ya hapo.

Jioni ya kwanza sikuona kitu, ni vurugu ya nukta. Jioni ya tatu nikainuka kitini, nikaitazama ramani kwa mbali. Nyekundu zilikuwa zimejipanga pwani na baharini, zikifuata ule mfereji mrefu ulio nje ya Peru na Chile. Njano zilikuwa zimeingia ndani, chini ya Andes. Halafu palikuwa na pengo, karibu hakuna nukta yoyote. Kisha, mbali zaidi upande wa mashariki, kuelekea Bolivia na mpakani mwa Peru na Brazili, nukta chache za buluu, za kina cha kilomita 500 na 600. Mojawapo ya kina hicho lilikuwa tetemeko kubwa la Bolivia la Juni 1994, la ukubwa wa 8.2, zaidi ya kilomita 600 chini ya ardhi.

Nikaweka kidole kwenye nyekundu nikakiburuta hadi kwenye buluu. Nilikuwa nateremka mteremko. Lile ni bamba la Nazca lenyewe, la sakafu ya Pasifiki upande wa mashariki, likizama chini ya bara, na kila nukta ni mahali lilipopasuka likiwa safarini. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo mara ishirini, lakini siku hiyo nililiona.

Baadaye nikajua kwamba nilikuwa nafanya kazi ambayo mwanamke mwingine aliifanya kabla yangu, na yeye ilibadilisha sayansi. Marie Tharp alikuwa mchora ramani katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, kwa hiyo vipimo vya kina cha bahari vilikusanywa na wenzake wa kiume, naye akavichora mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaona kwamba juu ya mgongo wa Atlantiki, katikati kabisa, kuna bonde kama la ufa. Mwenzake Bruce Heezen alipuuza, akaona ni porojo za kike. Ila meza ya jirani kulikuwa na mtu akichora matetemeko ya baharini. Ramani mbili zilipowekwa juu ya meza yenye mwanga, moja juu ya nyingine, matetemeko yaliangukia ndani ya bonde lile lile. Ubishi ukaisha hapo mezani.

Mdadisi (mleta uzi)

Dada Mama Ramani, asante sana. Leo nimenunua kalamu za rangi.

Sasa nguvu. Wengi tunamfahamu Alfred Wegener, Mjerumani aliyetangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja na yakaachana. Ushahidi alikuwa nao. Visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) vya Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini, vinapatikana kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini tu, na mnyama yule asingeweza kuogelea Atlantiki. Alexander du Toit wa Afrika Kusini alikwenda Amerika ya Kusini mwaka 1923 kulinganisha miamba ya pande mbili, akakuta tabaka kwa tabaka zinafanana.

Kilichomwangusha Wegener ni swali hili hili la uzi wetu. Alipoulizwa nini kinayasukuma mabara, alitaja nguvu ya kuyasogeza kutoka kwenye ncha za dunia na mvutano wa mwezi na jua. Harold Jeffreys, mwanafizikia wa Uingereza, alikokotoa akaonyesha kwamba nguvu hizo ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Na hesabu zake zilikuwa sahihi! Wegener alifariki Greenland mwaka 1930, akiwa amefikisha miaka 50 tu, na wanajiolojia wengi wakaendelea kumkataa kwa miaka thelathini. Hilo linaniuma kila nikilisoma. Alikosea injini, lakini safari aliiona.

Injini nilivyoielewa mimi ni hii. Bamba la bahari linazaliwa kwenye mgongo likiwa la moto na jembamba. Linaposogea linapoa, linakuwa nene, linakuwa zito. Ndiyo maana sakafu ya bahari iko kina cha kilomita 2.5 hivi karibu na mgongo, lakini ile ya zamani iko karibu na kilomita 6. Baada ya makumi ya mamilioni ya miaka bamba linakuwa zito kuliko koti lililo chini yake. Likipata pa kuzamia, linazama. Likishuka makumi ya kilomita, basalti yake, yaani mwamba mweusi wa volkeno, inabanwa na kugeuka eklojaiti, mwamba mzito zaidi, basi kasi ya kuzama inaongezeka. Kipande kinachozama kinavuta kilichobaki juu.

Mnajua shuka zito likianza kuteleza kitandani? Upande ulioning'inia unavuta uliobaki, na kadiri unavyoning'inia ndivyo unavyovuta. Hakuna anayelisukuma kutoka upande wa pili.

Ushahidi wake ndio ulionimaliza. Mwaka 1975 Donald Forsyth na Seiya Uyeda walilinganisha mabamba yote. Kama mikondo ya koti ndiyo inayobeba mabamba kwa chini, bamba lenye eneo kubwa lingeshikwa zaidi na mkondo, na ukubwa ungeonekana kwenye mwendo. Hawakuona hivyo. Walichoona ni kwamba mwendo unafuata sehemu ya ukingo inayozama. Pasifiki, Nazca na Cocos (bamba dogo lililo nje ya Amerika ya Kati), yenye mifereji mirefu ya kuzamia, yanakwenda sentimita 6 hadi 10 kwa mwaka. Afrika na Eurasia, ambayo karibu hayana ukingo unaozama, yanajikokota kwenye sentimita 2 hivi, pungufu ya kucha zako zinavyokua.

Kwa hiyo mimi nimefuta kabisa mikondo ya joto kwenye daftari langu.

Mwalimu wa Jiografia

Mkuu, mpaka hapo ulikuwa unakwenda vizuri, lakini hilo la mwisho naomba urudi ulifute wewe mwenyewe.

Usiitupe mikondo. Wewe bado unaiona kama kitu kimoja kilicho chini na mabamba kama kitu kingine kilicho juu, kisha unauliza nani anamsukuma mwenzake. Ni kitu kimoja. Mkondo wa joto ni nini? Ni kitu cha moto kupanda, kupoa kikiwa juu, kuwa kizito na kushuka. Bamba ndiyo ile sehemu ya juu iliyopoa. Kuzama kwake ndiko kushuka kwenyewe. Arthur Holmes, mwanajiolojia wa Uingereza, alishapendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba koti gumu linazunguka kwa joto, ila wakati huo hakukuwa na njia ya kuthibitisha.

Joto lenyewe linatoka sehemu mbili: lile lililobaki tangu dunia ilipoumbika, na lile linalotolewa na urani, thori na potasiamu, elementi zinazotoa mionzi zinapochakaa ndani ya miamba. Dunia inapoa. Njia yake kuu ya kupoa ni hii ya kuzalisha sakafu ya bahari, kuipoza, na kuirudisha ndani. Ndiyo maana hakuna sakafu kongwe: sehemu kubwa ya iliyopo baharini leo haifiki miaka milioni 200, wakati kwenye mabara kuna miamba ya miaka bilioni 4. Bara ni jepesi, halizami. Bara likifika kwenye mfereji linakataa kushuka, na ndipo India ilipogonga Asia na Himalaya ikainuka. Kilele cha Everest ni mawe ya chokaa yaliyotengenezwa baharini.

Tuseme hivi: mvuto wa bamba linalozama ndiyo nguvu kubwa zaidi. Mteremko wa kutoka kwenye mgongo unasaidia, kwa sababu mgongo umeinuka na bamba linaelekea kuteleza kutoka hapo. Halafu kuna msuguano wa koti kwa chini, ambao mahali pengine unasukuma na pengine unazuia kama breki.

Mdadisi (mleta uzi)

Mwalimu, nimekubali. Nimefuta na nimeandika upya: bamba ni sehemu ya mkondo. Sentensi moja tu, lakini imenipangia mambo mengi.

Kiu ya Elimu

Samahani wakuu, nimeusoma uzi wote na kuna jambo halijakaa. Kama kinachovuta ni ukingo unaozama, na mmesema Afrika karibu haina ukingo wa hivyo, kwa nini Afrika inapasuka kwenye Bonde la Ufa? Nani anavuta?

Mwalimu wa Jiografia

Hapo umegusa penyewe. Kwa kweli bamba la Afrika limezungukwa na migongo ya bahari karibu pande zote, na linazama kidogo tu kaskazini, chini ya Mediterania.

Bonde la Ufa linaendeshwa zaidi kutoka chini. Koti lenye joto kubwa linapanda chini ya upande wa mashariki wa bara na kuinua nyanda za juu za Ethiopia na Kenya. Miaka milioni 30 hivi iliyopita lilimwaga mafuriko ya basalti kule Ethiopia. Ardhi iliyoinuliwa hivyo haitulii: uzito wake wenyewe unaifanya itake kutanuka pembeni, inanyambuka, na katikati inadidimia. Upande wa kaskazini bamba la Somalia (upande wa mashariki wa Bonde) linaachana na lile la Nubia (sehemu kubwa iliyobaki ya Afrika) kwa milimita 6 au 7 kwa mwaka, na mwendo unapungua ukielekea kusini.

Wakati mwingine mwendo huo hujikusanya ukatoka kwa mpigo. Septemba 2005, jangwa la Afar, Ethiopia, lilipasuka urefu wa kilomita 60 hivi ndani ya majuma machache, na mahali pengine pakatanuka hadi mita 8, kwa sababu magma iliingia kwenye ufa kutoka chini. Tofautisha hilo na ule ufa wa Suswa, Kenya, wa Machi 2018, ambao picha zake zilisambaa zikisema Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia walieleza kwamba mvua kubwa zilisomba majivu ya volkeno na udongo laini uliokuwa umejaza ufa wa zamani. Bonde lenyewe ni kazi ya mabamba, ila lile shimo la wiki moja lilichimbwa na maji. Ukijifunza jiolojia, jifunze kuuliza kila ufa: wewe umefunguliwa na nani?

Tabaka

Wakuu, nimerudi. Nimekaa siku nne na ramani kama alivyoelekeza Mama Ramani, ila sikuchukua Amerika ya Kusini. Nilikwenda upande wa pili wa Pasifiki, kwenye visiwa vya Tonga.

Nukta za buluu ni nyingi mno, nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingine zinakaribia kilomita 700. Na zimejipanga kinyume na za Mama Ramani. Kwake unaanza na nyekundu pwani, unateremka kuelekea mashariki. Kwangu nyekundu ziko kwenye mfereji, na ninavyokwenda magharibi, kuelekea Fiji, ndivyo rangi inavyozidi kuwa buluu. Bahari ile ile moja inazama pande zote mbili.

Kisha nikachora na ya katikati, ule mgongo wa mashariki ya Pasifiki ambako bamba la Pasifiki na lile la Nazca yanazaliwa na kuachana. Kule nilitumia kalamu nyekundu peke yake. Hakuna njano hata moja.

Kesho naanza Japani.